Tamko au utaratibu: siasa mbili za Tanzania kwenye mzani mmoja wa korosho

Vijana wa kwetu kusini huniuliza sana swali moja, hasa ukifika msimu wa minada au wa kampeni, kwamba we unamkubali kiongozi wa aina gani, yule anayepanda jukwaani anatoa tamko na kesho yake mambo yamebadilika, au yule mpole anayesema subirini kanuni zitoke, mnada ni tarehe fulani, bei itategemea soko. Na kila nikitaka kujibu kwa sentensi moja nashindwa, manake wote wawili nimewaona kazini, na matokeo ya wote wawili nimeyaona yakiingia jikoni kwa mama mdogo wangu mwenye mikorosho yake kule uwanda wa Makonde. Kwahiyo leo nawapandisha wote kwenye mzani mmoja, mzani wa korosho, tuone nani ana kilo ngapi.

Kwa nini korosho? Kwa sababu uchumi wa nchi ukiusema kwa maneno makubwa unapotea hewani. Kwenye makaratasi Tanzania imepanda, Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza kwenye kundi la uchumi wa kati wa chini, treni ya umeme inatoka Dar mpaka Dodoma tangu 2024, bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa la megawati 2,115. Hivyo vitu vipo na vinaonekana kwa macho, siwezi kumkubalia mtu anayesema nchi haiendi. Nchi inaenda. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kila ikishika kasi kuna mazoea yetu ya kisiasa yanayokuja kuikanyagia breki, na mengi ya mazoea hayo tunayapigia makofi wenyewe siku ile yanapotangazwa. Mimi pia nimeyapigia, nitafika huko.

Turudi nyuma kidogo. Msimu wa 1973/74 tulivuna kama tani 145,000 za korosho, tukawa miongoni mwa wakubwa duniani. Msimu wa 1986/87 tulikuwa tumeporomoka mpaka tani 16,000 na ushee. Miaka kumi na tatu tu hapo katikati! Kulikuwa na Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwenda kukaa pamoja kwenye vijiji vya ujamaa, sasa mtu unamhamisha lakini mkorosho hauhamishiki, shamba linabaki kule mbali, palizi hakuna, nyasi zinaota, moto wa kiangazi unapita unakula mti wa miaka ishirini kwa dakika chache. Alafu 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa kwa uamuzi wa juu, kazi yake ikapelekwa kwenye mamlaka za serikali, bei anayolipwa mkulima ikawa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ulipokuja ukakuta mashamba hayana mtu wa kuyahangaikia. Na katika miaka hiyohiyo ndo vilikuwa vinajengwa viwanda vikubwa vya kubangua kwa pesa za mkopo! Viwanda vimekamilika, korosho za kubangua hakuna. Ushirika ukaja kurudishwa 1982 lakini uharibifu ulishafanyika.

Nimekaa na wazee wanaoikumbuka miaka ile na hawaisimulii kwa hasira, ila kuna neno moja halitoki midomoni mwao: tuliambiwa. Tuliambiwa tuhame. Tuliambiwa chama hakipo tena. Tuliambiwa bei ndo hii. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema tulikubaliana. Na nia ya wakubwa wa wakati ule haikuwa mbaya, hilo niliseme wazi kabisa, shule na zahanati zilifika vijijini kwa sababu ya siasa ileile, mama mdogo huyuhuyu alijua kusoma kutokana na siasa ile. Ila nia njema haikuuokoa mkorosho.

Sasa njoo karibu zaidi, 2018. Msimu uliotangulia, 2017/18, ulikuwa wa neema ambayo haijawahi kuonekana, kama tani 313,000, na baadhi ya minada bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga. Ukipita Tandahimba, Newala, Masasi uliona bati mpya zinang'aa mpaka macho yanauma, pikipiki kila nyumba. Alafu katikati ya 2018 kwenye bajeti yakapitishwa mabadiliko, ule ushuru wa korosho zinazokwenda nje, ambao sehemu yake kubwa, asilimia 65, ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe kugharamia pembejeo kama salfa, ukachukuliwa wote kwenda mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni, hawakusikilizwa. Ukisikia mtu wa mjini anauliza salfa ni kitu gani, salfa ni ule unga wa kupulizia maua ya mkorosho yasiliwe na ubwiriunga, ukichelewa wiki mbili tatu tu maua yanakauka meusi mtini kama yameunguzwa na pasi, na mwaka wako umeisha hapo, utabaki unaangalia majani.

Oktoba ikafika, minada ikafunguliwa, wanunuzi wakaja na bei za kati ya 1,900 na 2,700. Wakulima wakagoma kuuza. Na nawaelewa sana waliogoma, ukishauza kwa 4,000 mwaka jana, huyu wa 1,900 unamwona kama amekuja kukutukana. Serikali ikakaa na wanunuzi, wakakubaliana bei isiwe chini ya 3,000, wanunuzi wakasuasua, na Novemba Rais Magufuli akatoa tamko: serikali inanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi litazibeba. Mawaziri wawili wakaondolewa, bodi ya korosho ikavunjwa, malori ya jeshi yakashuka kusini.

Nilishangilia. Niseme ukweli wangu, siku ile nilishangilia mpaka sauti ikakauka, tulikuwa tumekusanyika kwenye redio ya jirani na wazee wengine machozi yaliwatoka kwa sababu kwa mara ya kwanza walimsikia mtu mkubwa kabisa anasema mkulima wa korosho asionewe. Hilo lina thamani na sitalidharau. Huo ndo uzuri wa kiongozi wa tamko, anakupa heshima papo hapo, hakwambii subiri.

Basi tuone kilichofuata, na hapa ndo penye somo lenyewe. Kununua korosho za mikoa mizima ni kazi inayotaka mtandao, unataka mtu wa kupanga madaraja, mtu wa kuhakikisha unyevu, mnunuzi wa mwisho kule India au Vietnam ambaye umeshamalizana naye kabla hujanunua, mtaji umekaa tayari benki. Wanunuzi waliozoea kazi ile walikuwa wameshaondoka. Kukawa na uhakiki, mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake, kwa nia ya kuwakamata kangomba, yani wale wanaomfuata mkulima mwenye shida kabla ya msimu wanamnunulia kwa bei ya kutupa, tena wanapima kwa bakuli badala ya mzani. Kangomba ni wanyonyaji, sina huruma nao. Lakini uhakiki ulipita mlango kwa mlango na malipo yakachelewa, miezi ikapita, kuna waliongoja mpaka msimu wa kupalilia ukaisha, na mtu asipolipwa hapalilii, hapulizii, hanunui salfa, kwahiyo hata msimu unaofuata umeshauharibu leo. Korosho zikalala maghalani muda mrefu. Mavuno ya 2018/19 yenyewe yalikuwa yameshuka mpaka kama tani 225,000. Siwezi kusema yote ni kwa sababu ya ushuru kuchukuliwa na pembejeo kuyumba, kilimo kina sababu nyingi, ila muulize mkulima yeyote aliyekosa salfa mwaka ule atakwambia.

Msimu wa 2019/20 minada ikarudi. Kimyakimya. Hakuna aliyepanda jukwaani kusema tulikosea hapa na hapa, na hilo linaniuma kuliko hata hasara, manake kosa lisilosemwa litarudiwa na mwingine.

Upande wa pili wa mzani ni utaratibu, na kwa korosho utaratibu una jina, stakabadhi ghalani, ulianza msimu wa 2007/08. Unavyofanya kazi ni hivi. Mama mdogo anaanika korosho zake zinakauka, anatoa takataka, anapakia gunia kwenye bodaboda mpaka kwenye banda la chama cha msingi, yani chama cha ushirika cha wakulima wa pale pale. Karani anapima, anaandika kilo kwenye karatasi, mama anatoka na karatasi yake. Korosho zinakwenda ghala kuu, zinaunganishwa na za vyama vingine, zinaingia mnadani. Zamani zabuni zilikuwa kwenye sanduku, wakulima wamekaa chini ya mwembe, sanduku linafunguliwa mbele yao, bei zinasomwa moja moja, alafu wanaulizwa mnauza hamuuzi. Ile kelele ya "uuuza!" ukiisikia mara moja hutaisahau. Siku hizi, tangu msimu wa 2024/25, mnada unapita kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, bei zinaonekana kwenye skrini. Ukishakubaliwa, pesa inaingia akaunti ya mkulima mwenyewe.

Haina jeshi wala ving'ora, kazi ni mzani na karatasi, sanduku na akaunti. Na ndo maana siasa hii haina mashabiki, nani atapiga vigelegele kwa ajili ya karatasi?

Ina uchafu wake lakini, tena mwingi, na nisingekuwa mkweli nikiuficha. Viongozi wa vyama vya msingi wasio waaminifu wameibia wakulima miaka nenda rudi. Makato, eti huyu shilingi kadhaa kwa kilo, yule kadhaa, halmashauri, chama kikuu, usafiri, gunia, ukijumlisha unajiuliza mkulima ni nani hapa. Kuna kitu kinaitwa unyaufu, korosho zinapungua uzito zikikaa ghalani, ni kweli zinapungua, ila unyaufu huohuo umekuwa kichaka cha kufichia kilo za watu. Na bei ikishuka duniani utaratibu haukukingi, msimu wa 2022/23 bei ilizunguka shilingi 2,000 na kuna sehemu ilikuwa chini ya hapo, watu walilia. Hakuna lori la jeshi lililokuja. Ila tazama kilichotokea baadaye, wanunuzi hawakukimbia, pembejeo ziliendelea kutolewa kwa ruzuku, watu wakapulizia, na 2024/25 nchi ikavuna zaidi ya tani 500,000, rekodi ya juu kuliko zote zilizotangulia, mnada wa kwanza bei ikarudi juu ya 4,000. Nchi ileile, udongo uleule, chama tawala kilekile.

Mtu atasema unamwonea Magufuli. Hapana, na ndo maana naleta mfano wa serikali yake mwenyewe, kwenye madini. 2017 zilizuiwa kontena za makinikia, yani mchanga wenye dhahabu unaopelekwa nje, kampuni ya Acacia ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190, nchi nzima ikasimama. Mwisho wa safari, Januari 2020, makubaliano yaliyosainiwa yalikuwa ya dola milioni 300 na hisa asilimia 16 kwenye kampuni ya ubia ya Twiga. Kwa maoni yangu lile tamko lilileta kitu, kabla ya pale tulikuwa tunaondoka na kidogo mno, kwahiyo naliwekea kilo zake kwenye mzani. Lakini mapema 2019 serikali ileile ilifanya jambo dogo ambalo wengi wamelisahau, iliwaita wachimbaji wadogo, ikawasikiliza, ikawafutia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5, na kuanzia Machi ikafungua masoko ya madini, Geita likawa la kwanza. Ghafla mchimbaji ambaye siku zote aliuza dhahabu gizani kwenye chumba cha gesti akapata sababu ya kuiuza mchana mbele ya mzani wa serikali. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mirerani akauza mawe mawili ya tanzanite kwa serikali kwa shilingi bilioni 7.74, mchana kweupe, picha zikaenda dunia nzima. Sasa we jiulize, kati ya yale mawili, lipi limebaki linafanya kazi kila siku bila kuhitaji mtu wa kulisimamia kwa ukali? Mimi najibu masoko.

Na kuna tabia ya tatu ambayo inakula pande zote mbili, nayo ni kumwona anayeuliza kama adui. Hapa ndo nina uchungu zaidi. Septemba 2018, miezi ileile ya sekeseke la korosho, Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya takwimu yakafanya iwe kosa kutoa takwimu zinazopinga za serikali. Yani hata ukihesabu magunia ya kijiji chako ukapata hesabu tofauti, nyamaza. 2019 yakarekebishwa, baada ya Benki ya Dunia kulalamika, sio baada ya sisi wenyewe kulalamika. Alafu 2023 ikaja bandari ya Dar, na sasa tuko kwa Rais Samia, kiongozi tuliyemwona wa utaratibu, mkataba na Dubai ukapelekwa bungeni Juni 10 ukaridhiwa, lakini watu waliposoma wakauliza mbona hauna ukomo wa miaka, wakaambiwa ni wachochezi, wengine wakakamatwa. Oktoba mikataba ya uendeshaji ilipokuja kusainiwa ilikuwa na ukomo, miaka 30. Kwahiyo swali la watu lilikuwa halali! Wangejibiwa mwezi Juni kwa upole tungeokoa miezi minne ya kutukanana.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikarudi Novemba 3. Watu walikufa siku zile, na hilo ni zito kuliko hesabu yoyote ya uchumi, sitaki kulipitisha kama mfano tu. Lakini kwa sababu tunazungumza uchumi, mfikirie wakala wa pesa kwenye kibanda chake, mfikirie mtu wa bodaboda anayelipwa kwa simu, mfikirie mnunuzi wa nje anayengoja kujibiwa barua pepe kuhusu mzigo, tena ni wakati wa msimu wa korosho. Nchi inatangaza uchumi wa kidijitali kisha swichi inazimwa siku tano. Mwekezaji akishaona swichi ipo, hata ikiwashwa tena, anajua ipo.

Gesi nitaigusa kwa haraka maana ni kidonda. Sisi na Msumbiji tulianza kupata gesi nyingi ya kina kirefu cha bahari karibu wakati mmoja, 2010 hivi. Sisi tuna zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Mtwara 2013 kulikuwa na vurugu za bomba la kupeleka gesi Dar, watu walikufa, kwa sababu kubwa kwamba hakuna aliyekuja kukaa na wananchi mapema akawaeleza gesi inakwenda wapi na wao wanabaki na nini. Mradi wa kusindika gesi Lindi mazungumzo yamefunguliwa, yakasimama, yakafunguliwa tena 2021, makubaliano ya awali yakasainiwa Juni 2022. Msumbiji meli ya kwanza ya gesi iliyosindikwa iliondoka Novemba 2022. Tena Msumbiji hao wana vita kule Cabo Delgado, Palma ilishambuliwa Machi 2021, mradi mwingine mkubwa wa nchi kavu ukasimamishwa. Kwahiyo sisemi tuwaige, haraka yao nayo ina damu ndani yake. Nasema sisi tulikuwa na amani na bado tukabaki nyuma, na kilichotubakisha ni kila anayeingia kutaka kuanza upya mazungumzo ya mwenzake.

Ukitaka kuona tukifanya vizuri angalia bwawa na reli ya Dar mpaka Dodoma. Vyote vilianza awamu moja vikakamilishwa awamu nyingine, reli ilianza 2017, bwawa lilikuwa wazo la miaka ya Mwalimu likaanzwa 2019, na aliyekuja hakusema huu ni mradi wa fulani niuache. Hapo tamko na utaratibu vilishikana mikono, mmoja alithubutu mwingine akamaliza. Ndo maana sisemi kiongozi mwenye maamuzi ni mbaya. Maamuzi yanatakiwa, tatizo ni maamuzi yanayokufa na aliyeyatoa au yanayogeuka kila akiamka.

Sasa uchague nani? Inategemea una nini mkononi. Kama umebaki na dharura, kuna mtu anakudhulumu leo na mahakama iko mbali, yule wa tamko atakusaidia leo na sina ubavu wa kukwambia usubiri. Lakini kama una kitu kinachochukua muda kuzaa, na mkorosho unachukua miaka mitatu mpaka mitano kukupa cha maana, kiwanda kidogo cha kubangua kinataka miaka zaidi, duka la pembejeo linataka ujue Machi ijayo sheria itakuwaje, basi wewe ni wa utaratibu hata kama moyo wako unapenda vigelegele. Kijana ambaye hana shamba ndo huwa anaona utaratibu ni wa wazee, mi namwambia wewe ndo unauhitaji kuliko mzee, mzee ana mikorosho tayari, wewe unaenda kukopa.

Akija mgombea, iwe wa udiwani, wa ubunge au hata wa uongozi wa chama cha msingi, ambao kwa kweli unagusa mfuko wako kuliko ubunge, usimuulize utatufanyia nini, hilo wote wanalijibu vizuri. Muulize hicho unachoahidi kitaandikwa kwenye karatasi gani, na ukihamishwa kesho nani atalazimika kukifuata. Muulize mara ya mwisho aliyempinga kwenye kikao alimfanyaje. Muulize makato, moja moja, kwa majina yake. Na usingoje uchaguzi, mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa pale, vijiji vingapi vinafanya? Nenda, kaa mbele, daftari mkononi. Wakikuita mchochezi waambie wewe umekuja kusomewa tu.

Mwaka jana nilikuwa kwa mama mdogo asubuhi ya siku aliyopeleka gunia lake la mwisho. Karani alitaja kilo, mama akatikisa kichwa, akamwambia rudia. Foleni ndefu nyuma yake, watu wanaguna. Karani akashusha gunia, akapandisha tena, ikasoma kilo tatu zaidi. Hakugombana, hakusema neno, akangoja mpaka zile tatu zikaandikwa, akaisoma ile karatasi mstari kwa mstari na kidole chake, akaikunja mara nne akaitia kwenye pindo la khanga, ndo akageuka akawaambia wa nyuma, haya, mwingine.